Vioo vya Ndani ya Macho ya Mwalimu

Sijui Mwalimu alizaliwa kijiji gani wala baba yake alikuwa nani. Katika miaka yote niliyokaa jirani naye Kasongo sikumuuliza, kwa sababu mtu unayemwonea wivu humuulizi habari zinazoweza kukufanya umhurumie. Ninachojua ni yale niliyoyaona mwenyewe na yale niliyoletewa nyumbani na mke wangu, na ya mke wangu yalikuwa mengi kuliko yangu.

Mimi nilikuwa mwuguzi wa dispansari ya serikali, miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Watu walituita munganga, ingawa daktari mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja tu, na muda mwingi alikuwa safarini huko Kabambare na vijiji vyake. Dispansari ilikuwa upande huu wa barabara ya soko, shule ya misheni upande ule. Asubuhi mlango wangu ulijaa wenye vidonda na homa, na ng'ambo nilisikia watoto wakimwitikia Mwalimu kwa sauti moja, kwa furaha, kama watu wanaoitwa kula. Wagonjwa wangu hawakuwahi kunifurahia namna ile.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alitembea ameinamisha kichwa upande wa kushoto. Mgeni angedhani anasikiliza kitu. Kweli ni kwamba alikuwa anatafuta njia, maana haoni. Alikuwa na miwani mizito, lakini hata akiivaa, mtu wa hatua chache mbele yake alikuwa ukungu tu. Kwa hiyo aliamua kusalimu kila kitu kilichosimama. Siku moja nilimwona akiusalimu mpapai uliotundikwa koti la mtu, akauulizia na habari za nyumbani. Watu wa soko hawakumcheka. Walisema, "Mwalimu hana majivuno, anasalimu wote." Mimi ambaye macho yangu ni mazima, nikimpita mama mmoja wa sokoni bila kumwona, jioni habari ilikuwa imefika kwangu: munganga siku hizi anajiona mukubwa.

Alikuwa na maneno yake. Kabla ya kujibu jambo lolote alisema "Tutaona," naye haoni. Watoto waliobana herufi kwenye kibao aliwaambia, "Andika kubwa. Ule atakayesoma, hatujui macho yake." Chaki aliibania mpaka ikawa vumbi kwenye vidole, lakini mchele aliopewa na wazazi haukulala nyumbani kwake, alimgawia wa kwanza aliyebisha hodi. Alifundisha kuwahi, na yeye alichelewa Misa kila Jumapili. Aliwachapa watoto kwa kusema uongo, kisha Padri alipouliza nani amevunja kioo cha sakristia, alisema ni yeye, na sote tulijua ni mtoto wa Mama Asha, mwuza mawese.

Zaidi ya yote alipenda usafi. Alikagua kucha za watoto kila asubuhi, na kwa kuwa hakuziona, alizinusa. Mstari mzima wa watoto unanyoosha mikono, Mwalimu anapita ameinama, pua kwenye vidole, akisema, "Weye umekula embe. Weye umeshika mbuzi. Weye rudi ku maji." Hakukosea. Nilipoeleza mambo ya vidudu mbele ya dispansari, watu walipiga miayo. Alipoeleza yeye, walikwenda nyumbani kuchemsha maji.

Na hapo ndipo wivu wangu ulipoanza hasa.

Padri alimruhusu kuwafundisha wamama kusoma, alasiri, wakisharudi mashambani. Mke wangu, Mama Feza, akaniomba naye aende. Nikasema aende. Kukataa kungenifanya nionekane mtu wa zamani, nami nilikuwa mtu wa koti jeupe. Alichukua kibao chake akaenda, na kuanzia siku ile nyumbani kwangu tukawa watatu mezani.

"Mwalimu amesema mutu akila asiseme."

"Mwalimu amesema muto Lualaba inatoka Katanga."

"Mwalimu amesema mutoto wa kike naye iko na akili."

Kwa miaka nilikuwa nimemwambia Mama Feza anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumpangusa mtoto macho. Aliitikia eeh, akampangusa kwa upindo wa kitenge. Siku moja narudi kazini nakuta beseni mlangoni, sabuni juu ya kigae, na taulo safi.

"Nani amekufundisha hii?" nikamuuliza.

"Mwalimu. Anasema mikrobe wanapita ku vidole wanaingia mu macho."

"Na mimi nilikuambia nini?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Weye? Weye ulisema, 'Nawa.' Yeye alieleza."

Nikasukuma sahani, nikasema nimeshiba.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililonipa raha ya siri. Mama Feza alikuwa na aibu, alikaa benchi la nyuma kabisa, na nilijua vizuri kwamba macho ya Mwalimu hayafiki benchi la nyuma. Alimpenda mwalimu asiyemwona. Hilo nililivumilia.

Kisha Wabelgiji wakachagua walimu wachache kwenda kutembezwa kwao, na yeye akawa mmoja wao. Kasongo nzima ilimsindikiza. Aliporudi, miezi mingi baadaye, hakuwa na miwani, na alitembea kichwa kimenyooka. Alipita mbele ya dispansari, akasimama, akanitazama usoni kutoka ng'ambo ya barabara.

"Munganga! Kumbe weye iko na kovu ku kidevu!"

Watu walisema mengi. Wengine walisema amebadilishiwa macho, amepewa ya Mzungu aliyekufa. Mimi alinionyesha mwenyewe, kwenye baraza ya dispansari. Daktari wa macho wa kule alimweleza kwamba ngozi angavu ya mbele ya jicho lake imechomoza kama ncha ya yai, ndiyo maana miwani haimsaidii. Akamtengenezea vioo viwili vidogo, vigumu, vyembamba kama gamba la samaki, vinavyokaa juu ya jicho lenyewe. Aliinama, akavuta kope pembeni, akapepesa, kioo kikaanguka kiganjani mwake. Nilikiona na nikapenda kukishika. Akafunga kiganja.

"Mikono yako," akasema.

Mimi, munganga, nilikwenda kunawa kama mtoto wa shule.

Pamoja na vioo alipewa kisanduku chenye vishimo viwili, na chupa ya dawa ya kuua mikrobe. Kila jioni vioo vilale ndani ya dawa. Asubuhi visuuzwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Visivaliwe jicho likiuma, na visilale jichoni. Aliyajua yote kwa moyo na aliyakariri mbele yangu kama katekisimu.

Jioni ya siku ile Mama Feza alirudi amechangamka. Aliinjika maji ya ugali, akasahau kuweka unga.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu."

"Kuna nini, Mama Feza?"

"Leo Mwalimu amenitazama," akasema. "Amesema, 'Mama wa kule nyuma, herufi yako iko mzuri.' Aliisoma kutoka mbele."

Niliwaza yale magamba mawili ya samaki, nikawaza namna yanavyoweza kudondoka kwenye majani mtu asiyapate tena.

Chupa ya dawa iliisha wakati wa kiangazi. Nyingine ilikuwa iagizwe Ubelgiji, ije kwa meli, kwa treni, kwa mashua, na kila mtu alijua mzigo wa namna hiyo unavyochelewa. Mwanzoni Mwalimu alitumia maji ya chumvi aliyochemsha mwenyewe. Baadaye kuni zilikuwa ghali, au alichoka, au alizoea. Mtu akizoea kuona, anasahau kwamba kuona kwake kunahitaji kutunzwa. Akawa anaweka vioo vyake ndani ya maji ya mtungi.

Halafu nikamwona uwanjani, watoto wa misheni wakicheza mpira na watoto wa makarani wa pamba. Vumbi lilikuwa jingi. Mwalimu alisimama katikati ya watu, akashika jicho, akatoa kioo, akakitia mdomoni. Akakilamba kama peremende. Akakirudisha jichoni, akaendelea kupiga makofi.

Nikamfuata. Sikumvuta pembeni, nilisema pale pale.

"Mwalimu, mate iko na mikrobe kuliko maji ya mutoni. Weye mwenyewe unafundisha. Vua ile vioo mpaka dawa ifike. Rudia miwani."

Mwalimu akanitazama kwa yale macho yake mapya, akatabasamu, bila ubaya wowote.

"Munganga," akasema, "weye iko na wivu."

Uwanja mzima ulicheka. Mama Feza alikuwa upande wa pili wa mstari na wenzake, naye alicheka, kisha akafunika mdomo. Nikaondoka. Kilichoniuma hasa ni kwamba alikuwa amesema kweli. Na mimi pia nilikuwa nimesema kweli, lakini kweli yangu ilitoka ikinuka wivu, na yule mtu pua yake mnaijua.

Alikuja dispansari baadaye kidogo, asubuhi, akiongozwa na Mama Asha wa mawese, kitambaa kimefunika jicho la kulia. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka shingoni. Jicho lilikuwa limeanza kuwa jekundu tangu wiki iliyotangulia, na bado aliendelea kuvaa kioo, kwa sababu mkaguzi wa shule alikuwa anakuja na hakutaka mkaguzi amkute akisalimu milango.

"Nisaidie, ndugu yangu," akasema. Hakuwahi kuniita ndugu.

Nilifungua lile jicho. Kope zilikuwa zimevimba, usaha wa kijani umeganda kwenye kona, na katikati ya mboni nyeusi ya jicho lenyewe palikuwa na doa jeupe, kama tone la maziwa. Nilikuwa nimeyaona macho ya watoto yenye usaha mengi mno, ya kupona na ya kutopona. Doa lile nililiogopa. Nilinawa, nikatoa kile kioo kwa kibanio, akapiga kelele mpaka wagonjwa wa nje wakasimama.

Nilimtuma mtu wa baiskeli amfuate daktari Kabambare. Mwalimu nikamlaza kwenye chumba cha nyuma. Nilichemsha maji, nikapoza, nikaosha jicho. Nikamdondoshea penisilini, nikasubiri, nikadondosha tena, nikampaka pomada ya njano. Sikumwachia msaidizi hata mara moja. Watu walinisifu, wakasema munganga ana roho nzuri, amemsamehe yule aliyemfanya achekwe uwanjani. Ukweli si huo. Nilikuwa najiambia: jicho hili likifia mikononi mwangu, Mama Feza atanitazama mimi maisha yangu yote, na atajiuliza.

Alileta chakula, Mama Feza. Wali na sombe ya majani ya muhogo, kwenye bakuli lenye kifuniko, lile tuliloliweka kwa wageni. Akasimama mlangoni mwa chumba.

"Nimupelekee?"

"Macho yake hayataki mwanga. Mlango usifunguliwe."

"Atapona?"

"Nafanya kazi."

"Najua unafanya kazi. Nauliza, atapona?"

Alikuwa na macho ya mtu aliyelia njiani akajipangusa. Nilichukua bakuli, nikamlisha Mwalimu mimi mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko nilihesabu kama kitu changu kinachoingia kinywani mwa mtu mwingine. Yeye hakujua chakula kimetoka wapi. Alisema, "Asante, munganga, iko tamu," nami nikaitikia.

Dawa zangu hazikulishika lile doa. Lilipanuka. Daktari alipofika alilitazama kwa taa, akauma mdomo, akasema kuna mikrobe wa majini ambao penisilini haiwajali, na kwamba mate au mtungi ndio uliowaleta. Akatuma dawa nyingine iletwe kutoka Bukavu. Ilifika. Maumivu yakaisha, usaha ukakauka, jicho halikung'olewa. Lakini palipokuwa na doa pakabaki kovu jeupe kama ganda la yai, na kwa jicho lile Mwalimu hakuona tena ila mwanga na giza.

"Ungekuja siku ya kwanza," daktari akamwambia kwa Kifaransa.

Mwalimu akageukia upande wangu. Nilimsubiri aseme kwamba munganga alimwonya. Nilikuwa na haki ya sentensi ile moja. Hakusema.

Misheni ikampa shule yake mwalimu kijana, yeye akapelekwa kijijini Wamaza kufundisha watoto wa mwanzo. Masomo ya wamama yakafa. Mama Feza aliendelea kusoma peke yake, kitabu cha sala na karatasi za kufungia chumvi, chochote chenye herufi. Mezani tukabaki wawili. Nilidhani nitafurahi. Aliponiambia "mutu akila asiseme," sasa hakusema tena nani amesema, na mimi nilijua.

Nilifika Wamaza mwaka uliofuata, kwenye safari ya kuchanja watu. Hakuna aliyenituma kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya shule ya nyasi, kwenye moto mdogo, sufuria inachemka. Alikuwa amekonda. Jicho la kulia lilikuwa limefifia. Alisikia hatua zangu akasema, "Karibu, karibu mukubwa," kama alivyomwambia yeyote. Nilipojitaja alisimama, akanikumbatia, akaniomba nisubiri mpaka amalize.

Nikamtazama anavyofanya. Alitia chumvi kwenye maji yanayotokota, akayaacha yapoe yamefunikwa. Alinawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, akaitikisa hewani badala ya kuipangusa. Akafungua kisanduku chake, dawa mpya ikanuka. Kioo kimoja tu kilikuwa ndani. Akakisuuza, akakiweka kwenye jicho la kushoto, akapepesa, akaniona.

"Umezeeka, munganga."

"Na weye."

Tukaketi. Alimimina chai. Kisha akasema, bila mimi kuuliza, "Siku ile ku uwanja ulisema kweli. Miye nilifikiri iko wivu."

"Ilikuwa wivu," nikasema.

Akacheka polepole. "Na kweli?"

"Na kweli."

"Basi ungenipa moja moja," akasema. "Zilikuja pamoja, sikuweza kuzitenga."

Aliulizia watu wa Kasongo. Padri, Mama Asha, mwalimu kijana, wamama wake wa alasiri, mmoja baada ya mwingine: yule muuza samaki, yule mjane wa karani, yule aliyeandika S kichwa chini. Nilikuwa namngojea Mama Feza. Nilikuwa nimeandaa uso wangu. Akija kumtaja mapema, nitajua. Akimtaja mwisho, nitajua zaidi. Alimaliza wote, akamimina chai nyingine.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama Feza anakusalimu."

Akainamisha kichwa. "Mama Feza... iko nani?"

"Bibi yangu."

"Aa! Musalimie sana." Akafikiri. "Alikuwa anakuja ku masomo naye?"

"Alikaa nyuma."

"Wa nyuma wale," akasema kwa majuto ya adabu, "siwakumbuki vizuri. Walikuwa wengi."

Nilitazama moto. Nilikuwa nimembeba mtu huyu nyumbani kwangu miaka yote, nimemlisha bakuli langu, nimelala naye kati yangu na mke wangu, na yeye hakuwahi kufika. Nilipaswa kucheka. Badala yake nilikasirika, na kwa mara ya kwanza sikukasirika kwa ajili yangu. Herufi yako iko mzuri, alimwambia. Alisahauje?

Watoto wakaanza kurudi kutoka mtoni, wakamwona ana mgeni, wakaja mbio wakamzunguka, wengine wakimshika kaptula. Nikaaga.

Nilifika Kasongo mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Mama Feza alikuwa uani anapepeta mchele. Alinipa maji ya kunawa, akaningojea ninawe vizuri, akanipa kiti. Akarudi kwenye ungo wake, akapepeta kidogo, akaacha.

"Wanasema ulipita Wamaza."

"Nilipita."

"Ulimuona?"

"Nilimuona. Jicho moja linafanya kazi. Anachemsha maji yake sasa."

Akaendelea kupepeta. Pumba ziliruka juani, zikatua begani mwake. Nilijua swali linakuja, nikaona anavyolitafutia mahali pa kulishikia.

"Aliniulizia?"

Alisema bila kuinua uso. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, na lingenirudishia nyumba yangu yote kuanzia siku ile.

"Alikuulizia weye wa kwanza," nikasema. "Alisema herufi zako hajaona mfano wake."

Mama Feza akainua uso, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu ambalo mimi sikuwahi kupewa, la msichana wa benchi la nyuma aliyeitwa mbele ya wote, na nililitazama mpaka lilipoisha, wivu ukinipanda kifuani upya.

Kisha akachukua ungo wake, na mimi nikaenda kuosha macho.